Kingo Zisizokunjwa: Kushona Urembo wa Kubandika kwa Mashine ya Mkono Mrefu



Vikundi vya ushonaji katika parokia vimezoea sare za shule, mashuka, mavazi ya kwaya na vitambaa vya meza. Katika toleo hili tunaleta somo la kazi nyingine, nayo ni mifarishi yenye picha za vitambaa. Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: kitambaa cha juu chenye urembo, pamba ya katikati, na kitambaa cha chini tunachokiita mgongo. Tabaka hizo tatu huunganishwa kwa mishono inayopita zote kwa pamoja.

Somo limeandaliwa kwa ajili ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni kamati za parokia zinazosimamia miradi ya akina mama na vijana. Kundi la pili ni wafadhili, hasa wale wa Marekani na Ulaya ambao kwao kazi hii ni ya kawaida, na ambao wangependa kuinunulia parokia rafiki mashine kubwa ya kushonea mifarishi. Ni vema makundi haya mawili yasome ukurasa mmoja kabla hayajaandikiana barua.

Neno kuu la somo ni hili: mfarishi wa picha zenye kingo zisizokunjwa hudumu au huharibika mezani, kabla haujafika kwenye mashine. Mashine kubwa huharakisha kazi iliyoandaliwa vizuri, na huharakisha vilevile kazi iliyoandaliwa vibaya.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kamati iweze:

1. Kueleza urembo wa kubandika ni nini na kwa nini kingo hufumuka.
2. Kufuata hatua za kuandaa, kupandisha na kushona.
3. Kupima kama kazi ya kikundi iko tayari kuuzwa.
4. Kuamua kwa hesabu kama mashine ya mkono mrefu inahitajika au la.

UREMBO WA KUBANDIKA

Fundi hukata umbo kutoka kitambaa kimoja, kwa mfano ndege, jani, mtumbwi au nyumba, akaliweka juu ya kitambaa kingine na kulishonea hapo. Kuna njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kukunja kingo za umbo kwa ndani na kuzishona kwa mkono taratibu. Kazi hutoka safi, lakini huchukua muda mrefu. Njia ya pili ni kuacha kingo kama mkasi ulivyoziacha, bila kukunja, na kupitisha mshono ndani kidogo ya ukingo. Hii ya pili ndiyo tunayojifunza.

Faida yake ni wepesi. Umbo lenye kona nyingi, kama jani la mpapai, ni shida kulikunja lakini si shida kulikata. Hasara yake ni kwamba ukingo uliokatwa hauna ulinzi. Kitambaa kina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio. Mkasi unapopita, nyuzi zinazolala sambamba na ukingo hazina tena kitu cha kuzishika, na kila mfuo huvuta chache. Fundi akiacha mambo yaende hivyo, baada ya mwaka mmoja ndege hana bawa.

Hata hivyo, nyuzi kidogo zikijitokeza si kasoro. Mpaka wenye manyoya mafupi ya milimita moja au mbili ndio sura ya kazi hii, na wanunuzi wake wanaipenda. Kasoro ni pale nyuzi zinapochomoka hadi kufika kwenye mstari wa mshono.

MASHINE YA MKONO MREFU

Katika cherehani ya kawaida, fundi huketi na kitambaa hupita chini ya sindano. Katika mashine ya mkono mrefu mambo ni kinyume. Kitambaa hutandazwa na kukazwa kwenye fremu, nayo mashine hutembea juu yake kwa magurudumu na reli. Fundi husimama, hushika vishikio viwili, na kuchora kwa sindano kama mtu aandikaye kwa kalamu kubwa.

Jina lake linatokana na mkono wa mashine. Nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine ni kubwa, mara nyingi kati ya sm 45 na sm 75, hivyo fundi huweza kushona eneo pana bila kusogeza kitambaa. Fremu yake huwa na urefu wa mita 3 hadi 3.6, na nyingine ni fupi zaidi.

Nyingi kati ya mashine hizi hupiga mshono mmoja tu wa kwenda moja kwa moja, hazipigi zigizaga. Kwa hiyo fundi hawezi kutegemea zigizaga ifunike ukingo. Mstari mmoja mwembamba ndio utakaoshika kila kitu, na ndiyo maana maandalizi yana uzito mkubwa hivi.

Mashine nyingi za sasa zina kidhibiti cha mshono, yaani kifaa kinachopima mwendo wa mkono na kuifanya sindano iende nao, ili mishono iwe na urefu mmoja. Mashine isiyo na kidhibiti humtaka fundi mwenyewe alinganishe mwendo wake na kasi ya mota. Akikimbia, mishono huwa mirefu na hukatika. Akisitasita, hurundikana mahali pamoja.

HATUA ZA MEZANI

1. Chagua kitambaa. Pamba halisi iliyofumwa kwa kubana ndiyo bora, kama kitenge kizuri cha pamba. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome mbali na vitambaa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Vitambaa vinavyoyeyuka hufumuka haraka na havipendi pasi ya moto.

2. Fua kitambaa kwanza. Kitenge kipya huja na wanga na rangi ya ziada. Rangi nyekundu inayovuja juu ya kitambaa cheupe ni hasara isiyorekebishika. Kufua pia huondoa kusinyaa, ili umbo na kitambaa cha chini yake visije vikavutana baada ya kuuzwa.

3. Chora umbo kinyume. Gundi ya pasi ya kazi hii ni utando mwembamba uliobandikwa kwenye karatasi. Picha huchorwa upande wa karatasi, na ikigeuzwa huonekana upande wa pili. Ndege anayetakiwa kutazama kulia achorwe akitazama kushoto. Herufi zote ziandikwe kinyume.

4. Punguza gundi. Kwa umbo kubwa, kata gundi ya katikati na uache mkanda wa sm 1 hadi 1.5 kando ya mstari. Gundi ikijaa umbo zima, mfarishi huwa mgumu kama kadibodi, na sindano hunata.

5. Bandika, kisha kata. Weka gundi upande wa nyuma wa kitambaa, bonyeza kwa pasi kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, acha ipoe, ndipo ukate juu ya mstari. Usikate kabla ya kubandika, kwani ni gundi inayoshika nyuzi za ukingo. Kwa pasi ya mkaa, tandika kitambaa safi juu ili majivu yasidondoke.

6. Tumia mkasi mkali, na usogeze kitambaa badala ya kusogeza mkasi. Maumbo yenye mviringo hudumu kuliko yenye ncha. Ncha nyembamba kuliko sm 1 ni mahali pa kwanza kufumuka. Aidha, ukingo uliokatwa hanamu hufumuka kidogo kuliko uliofuata mtande au mshindio. Geuza umbo ili upande wake mrefu ulale hanamu, kama picha ya kitambaa inaruhusu.

7. Panga na ubonyeze. Toa karatasi, panga maumbo yote juu ya kitambaa cha chini yake, simama mbali kidogo utazame, kisha bonyeza. Pasi iinuliwe na kushushwa. Ikiburutwa, maumbo huhama.

Mahali ambapo gundi ya pasi haipatikani, fundi anaweza kutumia uji mwepesi wa wanga au kupiga bandi kwa mkono. Lakini wanga huondoka kwa maji. Haulindi ukingo, hushikiza tu hadi mshono upite. Kwa kazi ya namna hiyo, maumbo yawe makubwa, na mshono uzunguke mara mbili.

KUPANDISHA KWENYE FREMU

Mgongo na pamba viwe vikubwa kuliko kitambaa cha juu kwa sm 10 hivi kila upande. Mafundi wapya wengi hukata vyote sawasawa na kujikuta mwishoni hawana pa kukaza.

Mgongo hufungwa kwenye magogo mawili ya fremu, lile la mbele na lile linalopokea kazi iliyokwisha. Pamba hulazwa juu yake. Kitambaa cha juu hulazwa juu ya pamba na kupigwa bandi kwenye mstari wa kwanza, kikiwa kimenyooka. Kisha kila kitu hukazwa, ila kisikazwe kama ngozi ya ngoma. Ukisukuma kidole kutoka chini, kitambaa kiinuke kidogo. Kilichokazwa kupita kiasi kitajikunja siku kitakapotolewa kwenye fremu, na maumbo yaliyobandikwa yataanza kuachia kabla ya kushonwa.

Sindano namba 16 au 18 inafaa kwa kazi nyingi. Badilisha sindano kila unapoanza mfarishi mpya. Sindano butu hutoboa kingo na kukata nyuzi zilezile unazotaka kuzilinda.

KUSHONA

Anza juu, maliza eneo lote linaloonekana, ndipo uzungushe magogo. Kwa kila umbo fuata utaratibu huu:

Kwanza, vuta uzi wa bobini uje juu, uushike, na upige mishono mitatu au minne midogo mahali pamoja ili kufunga.

Pili, zunguka umbo ukiwa ndani ya ukingo kwa mm 3. Ukikaribia zaidi, mshono utashika nyuzi mbili tatu tu, nazo zitachomoka. Ukienda mbali zaidi, ukingo utainuka kama sikio la mbuzi. Urefu mzuri wa mshono ni 4 hadi 5 kwa kila sm 1.

Tatu, zunguka tena mara ya pili, ukipishana kidogo na mstari wa kwanza. Mzunguko wa pili unaonekana kama mstari wa penseli uliorudiwa, na huongeza nguvu bila kuongeza gharama yoyote isipokuwa uzi.

Nne, shona ndani ya umbo: mishipa ya jani, manyoya ya ndege, mabati ya nyumba. Umbo kubwa lisilo na mshono ndani huvimba na kuvutwa.

Tano, shona eneo linalozunguka umbo kwa wingi uleule. Mishono ikijaa kwenye umbo na kukosekana nje yake, mfarishi hautalala sawa kitandani.

Mguu wa mashine hizi huruka juu na chini pamoja na sindano. Ukikutana na kona iliyoinuka, huingia chini yake na kuichana. Fundi akiona kona imeinuka, asimamishe mashine, ailaze kwa ncha ya kijiti, kisha aendelee polepole. Kidole kisitumike kamwe. Sindano hii haina subira.

Umbo likivuka mpaka wa eneo linaloonekana, simama mahali palipopangwa, funga uzi, zungusha magogo, anza tena hapohapo. Ni vema kuchora njia ya sindano kwenye karatasi kabla ya kuwasha mashine.

Mwishoni, safisha. Kingo zisizokunjwa na pamba hutoa vumbi la nyuzi ambalo hujaa kwenye nyumba ya bobini. Lipanguswe kwa brashi kila bobini inapobadilishwa, na mafuta yawekwe kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza.

KASORO NA TIBA ZAKE

Uzi wa bobini unaonekana juu. Mkazo wa uzi wa juu umezidi. Ulegeze kidogo na ujaribu pembeni.

Vitanzi vinaonekana mgongoni. Mkazo wa juu ni hafifu, au uzi haukupita njia yake yote. Tunga upya.

Sindano inanata na uzi unakatika. Gundi ni nene au haijapoa. Futa sindano kwa spiriti na upunguze gundi kwenye kazi inayofuata.

Mikunjo midogo mgongoni. Mgongo ulikatwa mdogo au haukunyooka ulipofungwa. Fumua, usishone juu yake.

Nyuzi zimefika kwenye mstari. Mshono ulikaribia ukingo, au kitambaa si cha kubana. Zungusha mshono mwingine ndani zaidi na ubadilishe kitambaa siku nyingine.

KIPIMO CHA MAJI

Kabla ya kukubali agizo lolote, kikundi kishone kipande cha sm 40 kwa sm 40 chenye maumbo matatu: la mviringo, la ncha na herufi moja. Kifuliwe mara tano kama nguo inavyofuliwa nyumbani, kwa kukamuliwa na kuanikwa. Kisha kamati ikikague mchana, nje, siyo chini ya taa. Manyoya ya mm 1 au 2 yanakubalika. Mahali popote ambapo nyuzi zimefika kwenye mshono, kazi haijawa tayari. Kipande hicho kitunzwe pamoja na jina la kitambaa, aina ya gundi na tarehe. Baada ya miezi michache kikundi kitakuwa na daftari la ushahidi ambalo hakuna mfadhili atakayelipuuza.

Kipimo hiki kinaweza kufanywa kwa cherehani ya pedali. Hakihitaji mashine ya mkono mrefu. Hata mfarishi mzima unaweza kushonwa hivyo: hushonwa vipande vya sm 40 au 50 kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na tabaka zake tatu, kisha huunganishwa kwa tepe za kitambaa. Ni kazi ndefu zaidi, lakini ukingo ulioandaliwa vizuri haujui umeshonwa na mashine ya bei gani.

THAMANI YA KAZI: MIFANO MIWILI

Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani, akiwa mtumwa. Baada ya uhuru alishona, kwa mkono na kwa cherehani, mfarishi wenye picha 11 za Biblia kwa urembo wa kubandika: Adamu na Eva bustanini, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Karamu ya Mwisho na nyinginezo. Aliuonyesha kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye hali ya nyumbani ilikuwa ngumu. Mwaka 1891 alikubali kuuza. Aliomba dola 10, akapewa dola 5. Alirudi mara kadhaa kuutazama.

Kabla ya kuuacha, Powers alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, naye Smith akaandika. Maandishi hayo ndiyo yanayotuwezesha leo kujua picha zinasema nini. Mfarishi huo sasa upo kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, Smithsonian, mjini Washington. Mwingine alioushona, wenye picha 15, upo kwenye makumbusho ya sanaa mjini Boston. Powers alifariki mwaka 1910. Sifa zilikuja, ila hazikumfikia mfukoni.

Mfano wa pili ni wa ushirika. Mwaka 1966, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, wanawake weusi walianzisha Freedom Quilting Bee kwa msaada wa padre wa Kanisa la Episkopali, Francis X. Walter. Zilikuwa nyakati ambazo familia zilifukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura. Mifarishi yao ilipigwa mnada New York, na fedha zikarudi kwa washonaji. Mwaka 1969 walikuwa na jengo lao la kushonea. Lakini kipato chao cha uhakika zaidi hakikutoka kwenye mifarishi ya kupendeza. Kuanzia mwaka 1972 kilitoka kwenye mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za mito, kazi ileile kila siku. Ushirika ulifungwa mwaka 2012, baada ya zaidi ya miaka 40.

Mifano hii inafundisha mambo matatu. Anayeuza kwa shida huuza kwa hasara. Maelezo ya kazi yaandikwe na yaende pamoja na kazi. Na kikundi kinachoishi kwa mifarishi mikubwa peke yake kinahitaji pia kazi ndogo ya kila wiki.

HESABU YA KAMATI

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kujifunzia tu, kila kamati iweke zake.

Vitambaa, pamba, gundi: shilingi 45,000.
Siku 8 za kazi kwa shilingi 7,000: shilingi 56,000.
Sindano, umeme na akiba ya matengenezo: shilingi 9,000.
Jumla: shilingi 110,000.

Mgeni akija, akaupenda mfarishi na kutoa shilingi 80,000, kikundi kitashangilia. Lakini duka la vitambaa limekwisha kulipwa, na umeme umekwisha kulipwa. Pungufu ya shilingi 30,000 itatoka mahali pamoja tu, yaani kwenye siku 8 za mama aliyeshona. Atabaki na shilingi 26,000, sawa na shilingi 3,250 kwa siku. Hapo kikundi hakikupata faida, bali mama huyo ametoa mchango bila kuulizwa. Kamati isiyoandika siku za kazi haitaona jambo hili, na baada ya muda itashangaa kwa nini akina mama wamepungua.

Mashine ya mkono mrefu inaweza kupunguza siku za kushona. Haipunguzi siku za kuchora, kukata na kubandika, ambazo katika urembo huu ndizo nyingi. Kabla ya kusema ndiyo, kamati ijibu maswali haya:

a) Je, kuna chumba chenye nafasi ya fremu ya mita 3 hadi 3.6, na nafasi ya fundi kupita pande zote mbili?

b) Je, umeme upo wa kutosha? Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Bila transfoma inayofaa, mashine itaungua siku ya kwanza.

c) Sindano, bobini na vipuri vitatoka wapi, na nani atalipa usafiri wake?

d) Nani ataitengeneza, na je, zaidi ya mtu mmoja amefundishwa?

e) Mashine ni mali ya nani: parokia, kikundi, au mtu? Jibu liandikwe na kutiwa saini kabla haijashushwa garini.

f) Kuna maagizo mangapi ya mifarishi kwa mwezi? Huko Marekani, wenye mashine hizi mara nyingi huishi kwa kuwashonea wengine: mteja huleta kitambaa cha juu kilichokamilika, naye hulipa kwa ukubwa wa eneo. Mahali ambapo hakuna wateja wa namna hiyo, mashine itasubiri kazi ya kikundi kimoja tu.

NENO KWA WAFADHILI

Tunashukuru moyo wa kutoa. Tunaomba mtazame mambo mawili.

La kwanza ni kutofautisha mfarishi wa kuuza na mfarishi wa kumfunika mtu. Shirika la Lutheran World Relief, lililoanzishwa mwaka 1945, kwa miaka mingi limepokea mifarishi kutoka vikundi vya sharika za Marekani kwa ajili ya wakimbizi na waathirika wa maafa. Kipimo chake cha kawaida ni inchi 60 kwa 80, karibu sm 152 kwa 203. Mingi huunganishwa kwa mafundo ya uzi, bila picha na bila mashine kubwa. Anayelala chini usiku wa baridi hahitaji ndege wa kubandika. Basi kama lengo ni joto, tusitumie gharama ya urembo.

La pili, kama lengo ni kipato, msianze na mashine. Mashine mpya ya mkono mrefu hugharimu kuanzia dola elfu kadhaa hadi zaidi ya dola 20,000. Sehemu ndogo ya fedha hiyo yaweza kulipia vitambaa vya kubana, gundi, mikasi mizuri na mwalimu wa miezi michache. Kikundi kikifaulu kipimo cha maji na kuwa na maagizo yanayokizidi nguvu, hapo mashine itakuwa jibu la swali lililopo. Ikiletwa kabla, itakuwa kitu cha kufunikwa kwa shuka na kuonyeshwa wageni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kikundi chetu kinashona nini sasa, na ni siku ngapi za kazi ambazo hazijaandikwa popote?

2. Tukifanya kipimo cha maji mwezi huu, nani atakata, nani atashona, na nani atakagua? Mkaguzi asiwe mshonaji.

3. Ni picha zipi za eneo letu ambazo mgeni hatazipata kwingine, na nani ataandika maelezo yake?

4. Je, tunayo kazi ndogo ya kila wiki itakayowalipa akina mama wakati mfarishi unasubiri mnunuzi?

5. Mfadhili akituandikia kesho kwamba mashine iko njiani, tutamjibu nini?

Tunashauri maswali haya yajadiliwe katika vikao viwili, na kikao cha pili washonaji wenyewe wawepo, kwa kuwa wao ndio watakaosimama kwenye fremu. Majibu yaandikwe kwenye daftari la kamati, yasomwe tena baada ya miezi mitatu, kipande cha majaribio kikiwa mezani. Tunawatakia kazi njema.